Paa la Herufi

Saa nane za usiku, Aberystwyth. Mvua ya huku
hupiga ubavuni, haina habari na mwavuli.
Ofisi ya halmashauri tumebaki wawili,
mimi na seva, inakoroma
kama mtu aliyekatazwa kulala chali.

Tangu mwaka wa tisini na sita mashine hii
inajua Kilatini Namba Moja tu:
herufi mia mbili hivi, basi.
Ikiletewa nyingine haigomi, haipigi kelele.
Inaweka alama ya kuuliza, inaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ni daftari la makaburi.
Ll?r Pritchard, safu ya nne.
Bronis?awa, mjane wa fundi saa.
Marged Ellis wa T? Isaf.
Nyumba, kwa Kiwelisi, ni tŷ,
na kile kikofia juu ya y
Eleri wa masjala hukiita paa dogo.
Kwa hiyo nyumba ya Marged imeezuliwa,
inanyeshewa miaka yote hii
na hakuna aliyeandika barua kulalamika.

Mimi ni Ng'wigulu, nayajua haya.
Hati yangu ya kwanza ya mshahara
ilinileta hivi: Ngâ€™wigulu.
A yenye kofia, sarafu ya yuro, alama ya biashara,
yote yametoka katika kitone kimoja cha wino.
Nililicheka jina langu, nikalibandika kwenye friji.
Mwezi wa tatu sikucheka.

Nabadilisha chaguo-msingi. Ni mstari mmoja,
mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.
Nazima. Nahesabu hadi thelathini. Nawasha.
Nachapa Llŷr, inanirudishia Llŷr,
nami napiga makofi peke yangu kama mwehu.

Ila chaguo-msingi ni sheria ya wajao.
Majedwali ya zamani hayakusikia tangazo;
nayaendea moja moja, nakala rudufu mbili kwanza,
maana saa kumi alfajiri mkono una akili zake.
Nikimaliza, nafungua safu ya nne.

Ll?r.

Nilidhani ŷ imelala chini ya ile alama
kama sarafu chini ya zulia.
Haikulala. Ilitupwa siku ileile ilipoingia.
Maji yalimwagika, mchanga ukanywa,
na mimi nimekuja na ndoo nzuri sana.

Asubuhi Eleri anauliza, imekwisha?
Imekwisha, namwambia, na majina mia tatu na kumi na mawili
hayajui kwamba imekwisha.
Walio hai ungewapigia simu.
Anafikiri kidogo, anachukua brashi ya viatu
na funguo za gari.

Makaburi yako mteremkoni, nyasi zimelowa hadi magotini.
Mchonga mawe hakuwa na chaguo-msingi.
Alipofika kwenye y aliinua patasi,
akagonga kushoto, akagonga kulia: paa.
Eleri anasugua ukoga, mimi nafuata mfereji kwa kidole,
nachapa kwenye simu kwa kidole kingine, kimekufa ganzi.
Marged amepata nyumba.
Bronisława amepata l yake iliyofungwa mshipi.
Mawe mengine yamelika, hayasomeki;
hapo tunaacha alama ya kuuliza,
safari hii tukiwa tunauliza kweli.

Kufika adhuhuri tuna arobaini na moja.
Tunakunywa chai ya chupa, tumeegemea ukuta,
na Eleri, baada ya miaka mitatu ya kuniita Wigi,
anasema, hebu nitamkie jina lako lote.
Natamka. Analirudia mara moja, bila kukwama,
ng' imetulia puani kama imezaliwa humo.
Nashangaa. Ananishangaa ninavyoshangaa:
kwao nako, anasema, sauti hiyo
husimama mlangoni mwa neno.